Uzi: Esau hakuuza haki yake kwa sababu ya njaa

#1 Mtoa mada

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite na asilaumiwe.

Nimesikia mahubiri ya Esau mara nyingi mno, kiasi kwamba mhubiri akitaja tu dengu najua kinachokuja: vijana jizuieni, tumbo litawaponza, raha ya dakika tano itawagharimu maisha. Sikatai, yote kweli. Ila naona tunamsoma Esau juu juu, na kwa sababu hiyo tunawapa watu dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Fungueni Mwanzo 25. Jamaa katoka porini kachoka, anakuta mdogo wake anapika. Katika Kiebrania hata jina la chakula hataji, anasema kitu kama "hicho chekundu, hicho chekundu", kama mtoto anayenyoosha kidole. Yakobo anataka kwanza auziwe haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau anajibu kwamba yuko karibu kufa, hiyo haki itamfaa nini?

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Tangu lini mwindaji akakaribia kufa kwa kukosa mlo mmoja, tena nyumbani kwa baba yake mwenye mifugo na watumishi? Njaa ilikuwepo, lakini kilichoongea pale ni hesabu aliyokuwa ameshaipiga siku nyingi. Hiyo haki ilibeba nini? Ilibeba sehemu kubwa ya urithi, na nyuma yake ahadi aliyopewa babu yake Ibrahimu: nchi, uzao, baraka kwa mataifa. Sasa mtazame babu mwenyewe. Kaahidiwa nchi nzima, na kipande pekee cha ardhi tunachosoma kwamba alikinunua humo ni shamba la Makpela lenye pango, kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike mkewe (Mwanzo 23). Ukijumlisha miaka iliyoandikwa, Ibrahimu alipokufa wale mapacha walikuwa na miaka 15. Naye akazikwa humo humo. Kwa kijana wa umri huo, ahadi ya Mungu ilikuwa na sura moja tu: makaburi ya familia.

Ndiyo maana nasema hakuuza kwa njaa. Aliuza kwa sababu alikuwa ameacha kuamini kwamba kuna kitu cha kuuza. Mwandishi wa Mwanzo anamaliza kwa vitenzi vinavyokimbizana: akala, akanywa, akaondoka, akaenda zake. Hakuna majuto mlangoni, wala hakugeuka kutazama nyuma. Kisha linakuja neno la hukumu, nalo halisemi alishindwa na tamaa. Linasema aliidharau haki yake.

Nina sababu ya kulisema hili. Miaka ya nyuma nilikuwa napokea mizigo stoo. Kazi yangu kuhesabu, kusaini, kugonga muhuri. Siku moja katoni zilizoshushwa zilikuwa 36, hati inasema 40. Mleta mzigo hakubishana. Aliweka bahasha ya kaki juu ya daftari, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikaingia chini ya kiwiko changu. "Ya soda hiyo, kaka." Nikasaini. Kalamu haikutetemeka wala nini.

Nilinunua viatu vyeusi vya ngozi. Nisiwadanganye, vilikuwa vitamu. Nilivivaa Jumapili ile ile, na tulipopiga magoti kuomba nilikuwa nafikiria visije vikakunjika mbele. Waebrania 11:25 inakiri kwamba dhambi ina raha, ila inaiwekea kipimo: kwa kitambo. Kitambo changu kilikuwa mwezi mmoja. Yule bwana aliporudi, "kaka" haikuwepo, na bahasha haikuwepo. Alifungua hati mahali pa sahihi, akanipa kalamu yake. Safari hii zilipungua katoni 9. Nikaelewa kwamba siku ile sikulipwa. Nilinunuliwa.

Kinachonisumbua mpaka leo ni hiki. Kabla ya bahasha nilikuwa nimeomba nyongeza ya mshahara mwaka mzima, na kufunga nimefunga, na kimya. Ile bahasha ilipokuwa inateleza mezani, moyoni sikusikia tamaa ikinena. Nilisikia sauti tulivu kabisa ikisema: huyu anatoa leo, Yule sijui atatoa lini.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Tunafundishwa kukaza meno, ilhali tatizo liko kwa tunayemngoja: hatumwamini. Karibuni.

#2 KobeTaratibu

Nimeweka kambi. Siti ya mbele kabisa.

#3 Mzee wa Baraza

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini usimtetee sana Esau. Waebrania 12:16 inamwita mtu asiyemcha Mungu, na aya inayofuata inasema alipotaka baadaye kuirithi baraka alikataliwa, ingawa aliitafuta kwa machozi. Wasije vijana wakadhani tumbo halina kosa.

#4 Mtoa mada

Shikamoo mzee. Simtetei, namwongezea mashtaka. Mtu aliyeshindwa na njaa namhurumia. Aliyepima ahadi ya Mungu akaona haifiki bakuli moja, huyo ndiye ninayemwogopa, kwa sababu anafanana na mimi.

Na ukirudi nyuma kabisa, Edeni, nyoka hakuanza na tunda. Alianza na swali kuhusu maneno ya Mungu, kisha akapenyeza kwamba Mungu kuna kitu anawaficha. Tunda linaonekana zuri mwishoni, baada ya Mwenye bustani kuonekana bahili.

#5 mama_wawili

Kaka, hapo pa #4 umenigusa pabaya. Mimi nafundisha watoto wadogo, na katika mafunzo tulisoma lile jaribio la peremende. Mwanasaikolojia Walter Mischel, Chuo Kikuu cha Stanford, alianza miaka ya 1960. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa: ukikila sasa basi, ukingoja nirudi utapata viwili. Sote tulitoka pale tukisema mtoto anayengoja ana nguvu ya kujizuia, asiyengoja hana.

Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliongeza kitu kabla ya peremende. Mtoto anaahidiwa kwanza rangi nzuri zaidi za kuchorea. Kundi moja mtu mzima anarudi nazo kweli. Kundi la pili anarudi mikono mitupu, samahani, hazipo. Wakarudia hivyo hivyo kwa vibandiko vya picha. Ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Watoto wenyewe walikuwa 28 tu, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini mimi nilikosa usingizi.

Kwa sababu wa kwangu mdogo kila siku namwambia "subiri nitakuja tucheze", na siendi. Halafu akinyang'anya kitu cha mwenzake nasema huyu mtoto hana subira. Ningekuwa yeye ningesubiri nini?

#6 Mtoa mada

Dada, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta maneno. Asante. Umeshusha mzigo wote kwa mistari kumi, mimi nimezunguka na Makpela.

#7 Hoja_Kavu

Mimi si muumini, nitasema kwa heshima. Mnachoeleza kina maana kama anayeahidi anaonekana akirudi na rangi. Nyie mnaahidiwa malipo baada ya kufa. Hakuna aliyerudi kusema amelipwa. Kwa hesabu za kawaida Esau alikuwa sahihi: bakuli la uhakika kuliko nchi ya hadithi. Mnaacha raha halisi kwa ajili ya hundi isiyo na benki.

#8 Amina_Kubwa

Mkuu hapo juu, Mungu si mwongo! Anayengoja analipwa hapa hapa duniani maradufu! Yusufu alikataa mke wa Potifa akawa waziri mkuu! Ukiacha bahasha moja Mungu anakufungulia ghala! Mimi ni shuhuda!

#9 Mtoa mada

Nianze na #7, maana ameuliza swali la kiume. Mkuu, Paulo anakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Katika 1 Wakorintho 15 anasema kama tumaini letu kwa Kristo ni la maisha haya peke yake, basi sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Na mbele kidogo: kama wafu hawafufuliwi, tule na tunywe, kesho tutakufa. Hakusema "hata kama si kweli, maadili ni mazuri kwa jamii". Aliweka kila kitu mezani. Kaburi likiwa na mtu, Esau alikuwa mjanja na mimi ni mjinga niliyerudisha pesa. Kwa hiyo tunapobishana, tubishane kuhusu kaburi. Unasema hakuna aliyerudi. Ukristo wote umesimama juu ya dai kwamba mmoja alirudi. Hilo kulikataa una haki. Ila sisi hatungoji gizani tu, tunaona rangi zimeshaletwa mara moja.

Sasa #8, ndugu yangu, nakupenda lakini hapa tuachane kidogo. Yusufu unamtaja kwa haraka mno. Aliuzwa akiwa na miaka 17 (Mwanzo 37:2), akasimama mbele ya Farao akiwa na 30 (41:46). Hiyo ni miaka 13 ya utumwa na gereza. Na gerezani aliingia kwa sababu alikataa. Yule mama alimsumbua siku baada ya siku, imeandikwa hivyo, na malipo ya kwanza ya uaminifu wake yalikuwa kusingiziwa kubaka. Usiku wa kwanza mle ndani, ungempigia simu ukamwambia ghala limefunguliwa?

Mimi yalinikuta yapi? Katoni 9 zile sikusaini. Nikaenda kwa bosi, nikaeleza na ya kwanza, nikaahidi kurudisha ile hela kidogo kidogo. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, akanifukuza. Miezi saba bila kazi. Niliyopata baadaye ina mshahara mdogo kuliko ule, mpaka leo. Ukinipandisha madhabahuni kutoa ushuhuda, watu wataomba nishuke.

Kuna mstari huwa hatuuhubiri, Waebrania 11:39. Baada ya kuorodhesha mashujaa wote wa imani, unasema hao wote hawakuipokea ile ahadi. Wote. Walikufa wakiitazama kwa mbali. Tukigeuza subira kuwa njia ndefu ya kupata gari, tutakuwa tumerudi kwenye bakuli la dengu, tumebadilisha ukubwa wa bakuli tu.

#10 Hoja_Kavu

Jibu la heshima. Sikubaliani, lakini afadhali umekiri kwamba lote limesimama mahali pamoja. Nimezoea kuambiwa "amini tu".

#11 kijana_wa_usiku

Wakuu mimi sina elimu ya Biblia kama nyie. Shida yangu ni mbili, kubeti na video za simu usiku, mnajua ni zipi. Nimeapa mara nyingi. Nikishinda siku tisa naanguka ya kumi, na nikianguka nakula wiki nzima kwa hasira. Mtoa mada anasema tatizo ni imani. Sasa mimi naamini na bado naanguka. Nifanyeje?

#12 Mtoa mada

Mdogo wangu, nisamehe kama nimeandika kana kwamba ukiamini kidole hakitagusa simu. Sivyo.

Kwanza hauko peke yako, na wala si wa kizazi hiki. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Afrika ya Kaskazini na baadaye akawa askofu, aliandika kwamba ujanani alimwomba Mungu usafi wa mwili, lakini asimpe bado kwanza. Aliogopa Mungu angesikia mapema. Alikuja kugeuka mwaka 386, ana miaka zaidi ya 30. Mtu anaweza kuamini kwa kichwa na bado mkono ukawa umeng'ang'ania, kwa sababu mkono hauna uhakika kama huko mbele kuna kitu kitamu zaidi.

Pili, viapo. Wakolosai 2, mwishoni, Paulo anazitaja amri za aina ya usishike, usionje, usiguse, na kusema zinaonekana kama hekima lakini hazifai kitu katika kuzizuia tamaa za mwili. Nilipousoma nilifunga Biblia nikaifungua tena. Mtume mwenyewe anasema kukaza meno peke yake hakuzuii! Siku zako tisa unazihesabu kama mfungwa anayechora mistari ukutani, na mfungwa akitoka anakwenda wapi? Sura inayofuata Paulo anaanza kwa kusema yatafuteni yaliyo juu. Anaelekeza macho kabla ya kufunga mikono.

Tatu, kukimbia ni halali. Yusufu hakubaki chumbani kuthibitisha ushupavu wake, aliacha vazi mkononi mwa yule mama akatoka mbio. Simu ilale chumba kingine. Laini ya kubetia ikae kwa mtu unayemwonea haya. Na siku ukianguka, ile wiki ya hasira ndiyo hasara kubwa kuliko usiku wenyewe. Unaanguka saa moja, unajiadhibu siku saba, kana kwamba yule Baba wa mwana mpotevu alikaa ndani akingoja umalize adhabu. Alimwona angali mbali, akapiga mbio. Hutamngoja mtu unayemwogopa.

#13 mama_wawili

Kijana, niandikie pembeni, mume wangu alipita humo humo, mtazungumza.

#14 Mzee wa Baraza

Naomba kuongeza jambo dogo kwa huyu kijana. Akani katika Yoshua 7. Aliona vazi zuri kutoka Shinari, fedha shekeli 200 na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akatamani, akatwaa, akafukia chini katikati ya hema lake. Mimi hujiuliza lile vazi angelivaa wapi. Kambi nzima ingeuliza limetoka wapi. Kaiba nguo asiyoweza kuivaa, akawa analala juu yake.

Kuhusu mtoa mada, nimekuelewa sasa. Lakini kuna upande hujaugusa. Umetuonyesha asiyeamini anafanya nini. Anayeamini anafanya nini, zaidi ya kukataa? Vijana wakisikia "kukataa, kukataa" wanadhani Ukristo ni kuwa na mikono mifukoni.

#15 Mtoa mada

Mzee, umeniuliza swali ninalolipenda. Yeremia 32.

Jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe kafungiwa katika ua wa walinzi kwa sababu ya kutabiri kwamba mji utatekwa. Yaani anajua kwa uhakika kuliko mtu yeyote kwamba ardhi haina bei tena. Anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake, anamwambia ninunulie shamba langu la Anathothi. Fikiria biashara hiyo. Muuzaji yeyote mwenye akili angetaka kulitua shamba lile siku hiyo.

Na Yeremia ananunua. Shekeli 17 za fedha, zinapimwa kwenye mizani mbele ya mashahidi. Hati mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi. Kisha anamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo, ili zidumu siku nyingi, kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Yule Esau alikuwa na haki ya nchi, akaitoa kwa mlo. Huyu hana hata uhuru wa kutoka nje ya ua, na anatoa fedha taslimu kwa shamba analoweza asilikanyage maishani. Tofauti yao nguvu ya kujizuia haihusiki nayo kabisa. Mmoja aliona makaburi tu, mwingine alisikia sauti ya anayeahidi, akaomba mizani.

Na anachonifurahisha zaidi, akishamaliza kulipa anaanza kuomba, na katika sala yake anashangaa: Bwana, umeniambia ninunue, na mji ndio huu unatekwa. Mashaka yapo. Ila risiti imeshaingia kwenye mtungi.

Kwangu, mzee, mtungi wangu ni mdogo sana. Kila mwezi natenga kidogo namrudishia yule mwajiri wa zamani thamani ya zile katoni 4. Hakuna anayenidai kisheria, na mhasibu wao mpya alinipigia kuuliza hii hela ni ya nini, hajui aiandike wapi.

#16 Amina_Kubwa

Mtoa mada umenifanya nisome Waebrania 11 mpaka mwisho. Huwa naishia pale wanapoziba vinywa vya simba. Sijaokoka na mjadala huu lakini nitafikiri.

#17 Hoja_Kavu

😂 Usijali, hata mimi.

#18 KobeTaratibu

Bado nipo siti ya mbele. Swali moja tu, wote mmelikwepa. Mtoa mada, vile viatu vilienda wapi?

#19 Mtoa mada

Vipo. Nilitaka kuvitupa nikaona ni maigizo. Soli ya kulia ilibanduka mwezi wa nne, fundi akaishona, ikabanduka tena. Sasa mke wangu anavivaa kumwagilia bustani, vinamzidi namba tatu, kila hatua vinapiga kelele. Nikiwa ndani nasoma namsikia anapita dirishani.